TUPIKE KWA MITI KIDOGO
Somo juu ya kuni, makala na kazi ya komini zetu



Katika somo hili sisi wa mwaka wa sita tunataka kuongea nanyi juu ya kitu kimoja ambacho kinapita mbele ya macho yetu kila siku lakini hatukiangalii vizuri. Kitu hicho ni moto wa jikoni.

Kila asubuhi, kwenye barabara zote zinazoingia Lubumbashi, ile ya Kasenga, ile ya Likasi, ile ya Kipushi, ile ya Kasumbalesa, tunaona makinga yaliyojaa mifuko ya makala. Watu wanayasukuma, jasho linatiririka, na kila mwaka wanatoka mbali zaidi. Wazee wanatuambia kwamba zamani msitu ulikuwa unaanza karibu na nyumba za mwisho za mji. Leo mtu anayechoma makala anatembea siku nzima, tena zaidi. Na mama anayenunua anauliza: «Makala inapanda bei kila saa, tutapika na nini?»

Watu wengi wanajibu haraka: «Serikali itupatie umeme, na mambo ya makala itaisha.» Sisi hatukatai. Lakini tuangalie mambo yenyewe. Barrage ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, inafanya kazi tangu 1930. Inga ya kwanza ilianza mwaka wa 1972, Inga ya pili mwaka wa 1982, na waya wenye urefu wa kilometa karibu 1 700 ulivutwa kutoka Inga mpaka Kolwezi. Hata hivi, katika Kongo nzima ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano aliye na umeme nyumbani, na sehemu kubwa ya umeme wa Katanga inaenda kwenye migodi. Mwenye umeme naye anajua delestaji. Basi, kungojea barrage nyingine ni jambo moja, na kupika chakula cha leo ni jambo lingine.

Neno letu katika somo hili ni fupi: kuni ya kwanza tunayoweza kupata ni ile tunayoipoteza. Na kuiokoa si kazi ya wakubwa wa Kinshasa peke yao. Ni kazi ya nyumba, ya shule, ya kartye, ya komini, na ya chefferie kule makala yanakochomwa. Tutaonyesha hayo kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

1. NGUVU HAIPOTEI, LAKINI INAKIMBIA

Mwalimu wa fizike alitufundisha kwamba nguvu, yaani enerji, haifi. Inageuka tu. Nguvu iliyomo ndani ya makala inageuka joto. Swali ni hili: joto lile linaenda wapi?

Tukiweka sufuria juu ya mbabula ya bati tupu, joto linagawanyika. Sehemu moja inaingia ndani ya sufuria; hiyo ndiyo tunayotaka. Sehemu nyingine inapita kando ya sufuria na kupanda hewani. Nyingine inapenya bati la mbabula, na ndiyo sababu miguu ya mpishi inaungua. Nyingine inapashwa kwa upepo. Katika mbabula ya bati peke yake, sehemu inayoingia ndani ya sufuria ni karibu moja ya tano. Kwenye mafiga matatu ya kuni, pahali penye upepo, ni kidogo zaidi: pengine moja ya kumi.

Ndiyo kusema, mama anaponunua mifuko mitano ya makala, mfuko mmoja unapika bukari na sombe, na mifuko mine inapasha hewa ya kiwanja. Hakuna mtu ambaye angekubali kununua mikate mitano na kutupa mine barabarani. Lakini kwa makala tunakubali, kwa sababu joto halionekani.

2. HESABU YA SUFURIA MOJA

Chukueni kalamu na karatasi. Tunataka kuchemsha litre 5 za maji.

Maji ya kwetu yana joto la digre karibu 20. Lubumbashi iko juu, metre karibu 1 200 kupita bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwa digre karibu 96, si 100. Basi yanapaswa kupanda digre 76. Kilo moja ya maji inaomba kilojuli 4,18 ili ipande digre moja. Tunafanya: 5 × 4,18 × 76. Tunapata karibu kilojuli 1 600.

Kilo moja ya makala mazuri, makavu, ina kilojuli karibu 29 000. Tugawanye 1 600 kwa 29 000. Tunapata kilo 0,055, yaani gramu 55. Makala ya kujaza mkono mmoja tu! Kama joto lote lingeingia ndani ya maji, gramu 55 zingetosha.

Lakini kwa mbabula ya bati, inayopeleka moja ya tano tu, tunahitaji gramu 275. Kwa mbabula iliyotengenezwa vizuri, yenye udongo ndani, inayopeleka karibu moja ya tatu, tunahitaji gramu 165. Maji ni yaleyale, sufuria ni ileile, na gramu 110 zimebaki ndani ya mfuko.

Sasa angalieni jambo la pili, ambalo wengi hawalijui. Maji yakiisha kuchemka, hayazidi tena kupata joto. Hata mkiongeza moto mpaka sufuria iruke, maharagi hayaivi mbio zaidi. Moto ule unafanya kazi moja tu: kugeuza maji kuwa mvuke. Na mvuke una bei kali. Litre moja ya maji ikiisha kuwa mvuke imekula kilojuli karibu 2 260. Linganisheni: kuchemsha litre 5 zote kuliomba 1 600 tu! Ndiyo kusema, mpishi anayeacha sufuria wazi juu ya moto mkali, akiona mvuke mwingi anafurahi kwamba kazi inaendelea, kumbe anapika hewa.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya jikoni haiombi hata franka moja: sufuria ifunikwe, na ikiisha kuchemka moto upunguzwe.

3. HESABU YA MITI 100

Hesabu ya sufuria ni ndogo. Tuende mpaka msituni.

Mchoma makala anakata miti, anaipanga, anaifunika kwa majani na udongo, kiisha anatia moto. Katika tanuru ya udongo ya kawaida, kilo 100 za kuni zinatoa makala kilo 10 mpaka 20. Tuchukue katikati: kilo 15.

Kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli karibu 16 000. Kilo 100 ni 1 600 000. Kilo 15 za makala, mara 29 000, ni 435 000. Basi, ndani ya tanuru tumebaki na karibu 27 juu ya 100. Sehemu nyingine yote imeenda na moshi.

Kiisha makala yanafika mjini, yanaingia ndani ya mbabula ya bati, ambayo inapeleka moja ya tano. Moja ya tano ya 27 ni 5 na kitu.

Someni tena, taratibu: katika miti 100 iliyokatwa, miti 5 inapika chakula. Miti 95 imeanguka bure.

Tugeuze sasa. Tuseme mchoma makala amefundishwa kazi vizuri na anapata kilo 25 kwa 100 pahali pa 15. Tuseme tena mama amepata mbabula inayopeleka moja ya tatu. Kilo 25 mara 29 000 ni 725 000, yaani 45 juu ya 100. Moja ya tatu ya 45 ni 15. Sasa miti 15 juu ya 100 inapika chakula. Tumezidisha karibu mara tatu! Kwa chakula kilekile kilichoomba miti 100, sasa tunakata karibu miti 36, na miti 64 inabaki imesimama. Hakuna barrage iliyojengwa. Hakuna mtu aliyelala na njaa.

Ndiyo sababu tunasema kwamba mambo haya yako ndani ya mikono ya watu wa hapa. Miti inapotea pahali pawili: ndani ya tanuru, na ndani ya mbabula. Pahali pote pawili ni kwetu.

4. KAZI YA JIKONI

Tuanze na kile kinachowezekana kesho asubuhi.

a) Kuni zikaushwe. Mti uliokatwa leo una maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, moto unafanya kwanza kazi ya kukausha maji hayo, ndipo upike. Na moshi ule mzito unaochoma macho ni ishara ya kuni mbichi. Kuni zikatwe ndogo, zipangwe chini ya dari, zikae miezi kadhaa. Shule inayonunua kuni siku ileile ya kuzichoma inanunua maji.

b) Maharagi yalale ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi maji yale yamwagwe, yatiwe mengine. Yataiva kwa muda mfupi zaidi.

c) Mbabula iwekwe mbali na upepo. Ukuta mdogo wa matofali pande tatu unasaidia sana.

d) Kikapu cha joto. Jambo hili mabibi walilijua katika nchi nyingi kabla yetu. Tunachukua kikapu kikubwa ao sanduku, tunajaza majani makavu ao vitambaa vya zamani, tunaacha shimo katikati la kutosha sufuria. Chakula kinachemka kwanza sana juu ya moto. Kwa maharagi, dakika 20 ao zaidi. Kiisha tunaondoa sufuria na kifuniko chake, tunaizamisha ndani ya kikapu, tunafunika na mto ao blanketi. Joto halina pa kukimbilia, na chakula kinaendelea kuiva peke yake. Mpishi anaweza kwenda shamba.

e) Hewa. Tunaongeza neno hili kwa nguvu yote. Makala yanayowaka yanatoa gazi ya monokside ya karboni, ambayo haina harufu wala rangi, nayo inaua. Mtu asilale hata siku moja na mbabula inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama baridi ya Juni inauma. Tena moshi wa kila siku unaua polepole: Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba mwaka wa 2020 watu karibu milioni 3,2 walikufa juu ya hewa mbaya ya moto wa nyumbani. Kwa hiyo kupunguza kuni si kuhurumia miti tu. Ni kuhurumia mapafu ya mama zetu.

5. KAZI YA MAFUNDI

Tuko na mafundi hodari sana. Angalieni Katuba, angalieni Kenya: kutoka bati la zamani wanatoa mbabula, ndoo, masanduku. Wakipata mfano mzuri, watautengeneza.

Mfano mmoja unatoka Kenya. Hapa tunasema nchi, si komini yetu! Mwanzo wa miaka ya 1980 mafundi wa Nairobi walianza kutengeneza jiko jipya la makala. Inje ni bati, lenye kiuno chembamba katikati, pana juu na chini. Ndani kuna bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu chini ili jivu lianguke na hewa ipande. Wazo la udongo ndani ya bati lilitoka mbali, kwenye majiko ya ndoo ya Thailand, lakini watu wa Kenya waliligeuza kulingana na sufuria zao na desturi zao. Udongo unazuia joto lisipenye bati, na makala yanapungua kwa karibu sehemu moja ya tatu mpaka nusu.

Jambo tunalopenda mjifunze hapa si umbo tu. Jiko lile lilienea kwa sababu halikugawanywa bure kama zawadi ya wageni. Lilitengenezwa na mafundi wa mitaani, likauzwa sokoni, na fundi alikula kwa kazi ya mikono yake. Likivunjika udongo, kuna mtu jirani wa kulitengeneza. Kitu cha bure kikivunjika kinatupwa. Kitu cha soko kikivunjika kinarudi kwa fundi.

Na jiko kubwa la shule? Kanuni ni ileile. Sufuria kubwa isikae wazi juu ya mawe. Ijengewe ukuta wa matofali na udongo unaoizunguka kabisa, na kati ya ukuta na sufuria ibaki nafasi ndogo tu, ya vidole viwili hivi. Moto unalazimika kupita ukilamba sufuria pande zote, kiisha unatoka kwa bomba la moshi. Mlango wa kuni uwe mdogo, na kuni zikae juu ya chuma ili hewa ipite chini yake. Matofali tunajua kuyachoma. Udongo wa kichuguu uko.

6. KAZI YA PORINI

Tusimlaumu mchoma makala. Yeye ni baba wa watoto kama baba zetu. Pengine kati yetu kuna wanaosoma kwa feza ya makala. Hatapenda sisi tuje na hotuba. Lakini akisikia kwamba kwa miti ileile anaweza kupata mifuko mitano pahali pa mitatu, atasikiliza.

Kule Senegal, katika inchi ya Casamance, kuna tanuru ambayo imechukua jina la inchi ile. Si kitu cha ajabu: ni rundo la kuni lililofunikwa na udongo kama letu, lakini kuni zimekaushwa vizuri, zimepangwa kwa utaratibu juu ya msingi unaopitisha hewa, na pembeni kuna bomba la moshi lililotengenezwa kwa mapipa ya mafuta. Bomba lile linavuta hewa na kuifanya izunguke sawasawa, na mchomaji anaweza kuitawala. Ikifanywa vizuri, kilo 100 za kuni zinatoa kilo 25 mpaka 30 za makala. Kazi kubwa ni mafundisho na uangalifu, maana tanuru inayoachwa peke yake usiku inageuka jivu.

7. KAZI YA KOMINI NA YA CHEFFERIE

Hapa wengine watasema: «Hayo ni mambo ya wamama na wafundi. Burgmestri anaingiaje?» Anaingia, tena kwa mlango mkubwa.

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 3, inasema kwamba mji, komini, sekteri na chefferie ni wenye utu wa sheria, na wanaongozwa na viongozi wao wenyewe. Kiisha sheria nambari 14/011 ya 17 Juni 2014 ilifungua kazi ya umeme kwa wengine zaidi ya SNEL, na ilizipa provensi na maeneo sehemu yao ya kazi. Basi mlango uko wazi. Tunaona mambo matano ambayo kiongozi wa karibu anaweza kufanya bila kungojea mtu:

Kwanza, aanze na nyumba yake. Hospitali, shule, jela, kambi, soko: hizo ndizo sufuria kubwa kupita zote. Komini ikijenga jiko moja la matofali ndani ya hospitali, watu mia wataliona kwa siku moja.

Pili, anunue kwa mafundi wa komini yake. Fundi mwenye agizo la mbabula 50 atanunua vyombo na atafundisha vijana.

Tatu, taksi ya makala irudi msituni. Kila mfuko unaopita baryeri unalipiwa. Sehemu ya feza ile ikiwekwa wazi kwa kufundisha wachomaji na kwa kupanda miti, mchomaji ataona kwamba anachangia shamba lake mwenyewe.

Ine, achunge maji. Maji ya bomba yanapandishwa na pompi zinazokula umeme. Bomba iliyopasuka barabarani na kumwaga maji wiki mbili inamwaga pia umeme. Shefu wa kartye anayetoa habari siku ileile anaokoa vyote viwili.

Tano, ahesabu. Komini isiyojua inachoma kuni kiasi gani ao inatumia umeme kiasi gani haitajua kamwe kama imepunguza. Kitabu kimoja, mwandishi mmoja, na mizani.

8. NA WALE WALIO NA UMEME?

Kwao hesabu ni fupi zaidi. Ampule ya zamani, yenye waya mwembamba ndani, inageuza mia kwa mia tano tu ya umeme kuwa mwangaza. Sehemu nyingine ni joto. Iguseni, mtaona! Ampule ya LED ya wati 9 inatoa mwangaza sawa na ile ya wati 60.

Tuseme interna moja iko na ampule 40 za wati 60, zinazowaka saa 5 kila usiku. Ni 40 × 60 × 5, yaani kilowati-saa 12. Kwa LED ni 40 × 9 × 5, yaani 1,8. Zaidi ya 10 zimeokoka kila usiku.

Kuna faida nyingine. Kabini ya umeme ya kartye inaungua kwa sababu imebebeshwa mzigo kupita nguvu yake: resho za waya wazi, ampule kubwa, nyumba nyingi juu ya laini moja. Nyumba zikipunguza pamoja, kabini inapumua. Lakini kama nyumba moja tu inapunguza na nyingine 50 zinaendelea, haisaidii kitu. Ndiyo maana neno hili ni la kartye nzima. Tena, pahali ambapo watu wanalipa forfe bila kontere, hakuna anayeona hasara yake. Anayezima na asiyezima wanalipa sawa. Kontere ni mwalimu mkali, lakini ni mwalimu.

9. MASHAKA MAWILI

Shaka la kwanza: «Mbabula nzuri ina bei. Masikini atapata wapi?» Ni kweli, inapita bei ya ile ya bati. Lakini inarudisha feza kidogo kidogo kwa makala isiyonunuliwa. Shida si bei yote, ni bei ya siku moja. Kwa hiyo wamama wa kartye wanaweza kufanya vile wanavyojua tayari: likelemba. Wamama kumi wanatoa kidogo kila wiki, na kila wiki mmoja anapata mbabula.

Shaka la pili ni gumu zaidi: «Makala yakipungua bei, watu watachoma mengi zaidi.» Hilo linaweza kutokea, na mji unakua kila mwaka. Kwa hiyo hatusemi kwamba mbabula peke yake itaokoa msitu. Lazima iende pamoja na miti inayopandwa, na pamoja na umeme siku utakapofika. Lakini mtu mwenye ndoo iliyotoboka hangojei mvua inyeshe sana. Anaziba tundu kwanza.

10. NA SHULE YETU?

Ndugu zetu, tunakula wote kutoka jiko moja. Kuni zinalipwa na mchango wa wazazi, na katika shule nyingi mtoto asiyeleta mchango anarudishwa nyumbani. Basi kila gogo linalopasha hewa lina jina la mwanafunzi juu yake. Hilo ndilo linalotusukuma kuandika.

Kwa heshima yote mbele ya Bwana Prefe wa masomo, Bwana Mchungaji na Mama mkubwa wa jiko, sisi wa mwaka wa sita tunapendekeza haya:

– Kuni zipimwe kwa mizani kila siku kwa mwezi mmoja, na hesabu ibandikwe kwenye mlango wa refektuari. Sisi tutaandika.
– Kila sufuria ipate kifuniko. Wale wa kazi ya mikono watatengeneza.
– Maharagi ya kesho yatiwe ndani ya maji jioni, na zamu ile ipewe darasa moja kwa wiki.
– Wakati wa likizo kuu, jiko moja tu lijengwe kwa matofali, kwa mikono yetu. Tupime kabla na baada ya hapo. Kama limepunguza, tujenge la pili. Kama halikupunguza, tujue sababu.
– Anayetoka mwisho darasani, kapelani ao chumba cha kulala azime taa. Wakubwa wa vyumba watachunga, wakianza na sisi wenyewe.

Sisi tutatoka hapa baada ya mtihani wa Serikali. Wengine watarudi kwa kijiji, wengine wataenda univerisite, na pengine mmoja wetu atakuwa burgmestri siku moja. Jiko la matofali litabaki kwenu, ninyi wadogo. Tungependa mtuandikie mwaka ujao, mtuambie linakula kuni kilo ngapi.

MASWALI YA KUJIBU
(Majibu yapewe kapita wa darasa kabla ya Ijumaa)

1. Kwa nini maji yanachemka Lubumbashi kabla ya kufika digre 100?
2. Mama anachoma kilo 2 za makala kila siku kwa mbabula inayopeleka moja ya tano. Akipata ile inayopeleka moja ya tatu, atachoma kilo ngapi kwa chakula kilekile? Kwa mwezi wa siku 30 ataokoa kilo ngapi?
3. Mchomaji anapata kilo 15 kwa kilo 100 za kuni. Ili ajaze mfuko wa kilo 45, anakata kuni kilo ngapi? Na kama angepata kilo 25 kwa 100?
4. Kwenu nyumbani, joto linakimbilia wapi? Angalieni kwa siku tatu, andikeni pahali patatu, na semeni namna ya kupaziba.

Kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa sita,
Mkubwa wa wanafunzi